Biashara ya Mtoto, Jina la Mkubwa

Hakuna sheria ya Tanzania inayomkataza mtoto wa miaka 15 kufuga kuku na kuuza mayai. Wala hakuna ofisi itakayompa leseni ya kuyauza. Hapo katikati ndipo walipo vijana wengi wa Same na milima ya Upare: wana bidhaa, wana wateja, wana akili ya kuhesabu faida, lakini hawana jina katika karatasi yoyote inayohusu biashara yao wenyewe.

Jiografia ya wilaya hii inazaa wachuuzi. Mji wa Same umekaa chini, kwenye joto la tambarare, kando ya barabara kuu inayokwenda Moshi na Arusha. Nyuma yake milima inapanda kuelekea Mbaga, Chome, Suji, Mamba na Gonja, hadi kilele cha Shengena chenye mita 2,462. Juu kunatoka tangawizi, ndizi, parachichi, iliki na kahawa. Chini kuna mpunga wa Ndungu, mkonge, mbuzi na kuku. Kila kinachopandwa juu kina mnunuzi chini, na safari ya kukishusha haimsubiri mtu afikishe umri wa kupiga kura. Mtoto aliyepewa kuku mmoja akaambiwa “huyu ni wako” huwa na kuku wanane mwaka unaofuata, na mama wa genge la jirani anaanza kumwagiza mayai. Biashara imeshaanza. Swali la sheria linakuja baadaye, mara nyingi siku pesa inapopotea.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema kwa maneno machache kwamba mtu mwenye umri chini ya miaka 18 ni mtoto. Mstari huo unaonekana wa kawaida, lakini ukiusoma pamoja na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ndipo uzito wake unapojitokeza. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mikataba kinataka anayefunga mkataba awe amefikia umri wa utu uzima na awe na akili timamu. Asiyekuwa na sifa hizo, makubaliano yake ni batili. Sheria haisemi ni dhaifu, wala haisemi yanaweza kurekebishwa. Inasema ni batili, kana kwamba hayakuwahi kuwepo.

Mfano wake ni huu. Kijana wa kidato cha pili kutoka Mamba anachukua kilo 50 za tangawizi kwa mali kauli, akimwahidi mkulima kwamba atalipa akishauza Same mjini. Bei inaanguka, nusu ya mzigo inanyauka, kijana anarudi na mfuko mtupu. Mkulima akienda mahakamani kumdai kijana yule kwa ahadi yake, mkataba aliokuja nao hauna miguu ya kusimamia. Vilevile kijana huyo akikodi fremu stendi, akasaini makubaliano ya miezi sita, saini yake haimfungi. Akinunua jokofu kwa kulipa kidogo kidogo, ni vivyo hivyo.

Kwa haraka mtu anaweza kuona kwamba huu ni upendeleo kwa watoto. Kwa kweli ni ngao, na ngao huzuia pande zote mbili. Mfanyabiashara anayeijua sheria hatampa mtoto mali kauli, hatampangishia fremu, hatamuuzia kifaa kwa mkopo. Na mtoto mwenyewe akidhulumiwa hawezi kufungua shauri la madai peke yake. Kanuni za mashauri ya madai zinataka afungue kupitia mtu mzima anayesimama kwa niaba yake. Watani wa Wapare husema kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Ni utani tu, lakini una ukweli mmoja ndani yake: watu wa milima hii hawaogopi kudai haki yao. Mtoto wao ndiye asiye na pa kuidai bila mkubwa kumshika mkono.

Kanuni hii ilivuka bahari ya Hindi kabla ya kufika Tanganyika. Mwaka 1895 huko Calcutta, kijana aitwaye Dharmodas Ghose, ambaye hakuwa ametimiza umri wa utu uzima, aliweka nyumba zake rehani kwa mkopeshaji ili apate rupia 20,000. Mama yake alikuwa ametuma taarifa kwa wakili wa mkopeshaji kwamba mwanawe ni mtoto. Mkopo ukatolewa hata hivyo. Kesi ilipanda ngazi hadi Baraza la Faragha la London, na mwaka 1903 likaamua kwamba mkataba wa mtoto ni batili kabisa. Rehani ikafutwa, na mkopeshaji hakurudishiwa pesa yake. Sheria iliyotafsiriwa katika kesi hiyo ilikuwa Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo Waingereza waliileta Tanganyika na ikatumika hapa hadi nchi ilipotunga sheria yake mwaka 1961. Sheria hiyo mpya ilifuata nyayo za ile ya India karibu kifungu kwa kifungu. Kwa hiyo mchuuzi mdogo wa Hedaru au Kisiwani leo analindwa, na kuzuiwa, na kanuni iliyothibitishwa kwa nyumba za Calcutta.

Upo mlango mmoja mdogo. Mtu akimpatia mtoto mahitaji ya lazima yanayolingana na hali yake ya maisha, kama chakula, mavazi au matibabu, anaweza kufidiwa kutoka katika mali ya mtoto huyo. Anafidiwa kutoka kwenye mali, hamshiki mtoto mwenyewe. Mtaji wa biashara ni vigumu kuuingiza katika fungu hilo.

Lakini katika maisha ya kila siku si Sheria ya Mikataba inayomsimamisha kijana mlangoni. Ni namba ya NIDA.

Ukitaka kusajili jina la biashara kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, usajili unafanyika kwa mtandao tangu mwaka 2018, na mfumo unaanza kwa kuuliza namba ya kitambulisho cha taifa. Ukitaka namba ya mlipakodi, yaani TIN, kutoka mamlaka ya mapato, TRA, utaulizwa NIDA. Ukitaka leseni ya biashara ya halmashauri, utaulizwa TIN, na TIN ilishauliza NIDA. Ukitaka kuwa wakala wa pesa za simu au kupata lipa namba ya biashara, mlolongo ni uleule. Na kitambulisho hicho utaratibu wake wa kawaida ni kuwasajili waliotimiza miaka 18. Hivyo hata pale ambapo sheria haisemi waziwazi “mtoto asisajili biashara”, mfumo unasema kwa niaba yake. Laini ya simu nayo ni hivyo hivyo: tangu usajili wa alama za vidole uanze Mei 2019, laini ya mtoto husajiliwa na mzazi au mlezi wake. Wateja wakilipa kwa simu, pesa ya mayai inaingia kwenye laini yenye jina la baba.

Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 nayo haimfikii. Kila halmashauri hutenga sehemu ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa mikopo hii kijana anaanza kuhesabiwa kijana akiwa na miaka 18. Wa miaka 17 aliyekwishaendesha banda la kuku miaka mitatu hayumo. Wa miaka 30 ambaye hajawahi kuuza hata yai moja yumo.

Basi biashara ya mtoto inaishi wapi? Inaishi kwa jina la mkubwa. Baba anasajili, mama anachukua leseni, au mjomba aliyeko Dar es Salaam anatoa TIN yake. Familia nyingi hufanya hivyo kwa nia njema kabisa, na kisheria hakuna ubaya. Mtu mzima ndiye mfanyabiashara, ndiye anayesaini, ndiye anayewajibika kwa kodi na kwa deni. Mtoto ni msaidizi wake. Yote haya yanakwenda vizuri hadi mambo yaharibike, na hapo ndipo karatasi inapofanya kazi yake bila huruma.

Mama amesajili genge la bintiye kwa jina lake. Binti wa miaka 16 ndiye aliyelianzisha kwa akiba yake, ndiye anayejua wauzaji wa parachichi wa Suji na bei zao. Mama, katika shida nyingine isiyohusiana na genge, anachukua mkopo wa aina ile ambayo watu mitaani huiita kausha damu. Anashindwa kulipa. Wadai wanakuja na kubeba mizani, ndoo, meza na mzigo wote. Binti akilia kwamba ni vyake, ataonyesha nini? Leseni ina jina la mama. Risiti zina jina la mama. Au baba anafariki, na ndugu wanakaa kugawa mirathi. Banda la kuku ambalo mtoto alilijenga kwa miaka minne linahesabiwa kuwa mali ya marehemu, na shangazi, baba wadogo na watoto wa nyumba nyingine wanapata fungu humo. Hakuna aliyeiba. Karatasi ndiyo iliyosema hivyo.

Hapa ndipo wengi wanapokosea kuielewa sheria. Kukosa uwezo wa kufunga mkataba si sawa na kukosa haki ya kumiliki. Mtoto wa Kitanzania anaweza kumiliki mali. Anaweza kupewa zawadi, anaweza kurithi, na Sheria ya Mtoto inakataza mtu yeyote kumnyima matumizi yanayostahili ya mali ya mzazi wake. Kuku aliyepewa ni wake. Vifaranga wa kuku huyo ni wake. Anachokosa ni ushahidi, na ushahidi unaweza kutengenezwa.

Njia ya kwanza ni ya gharama ndogo: karatasi ya familia. Mzazi anayesajili biashara kwa jina lake anaweza kuandika tamko, akiwa na mashahidi, kwamba biashara hiyo anaishikilia kwa ajili ya mtoto wake fulani, aliyezaliwa tarehe fulani, na kwamba vifaa na akiba vilivyoorodheshwa hapo ni mali ya mtoto huyo. Wakili au ofisa wa msaada wa kisheria anaweza kuliandika vizuri zaidi na kulithibitisha. Mdai wa mzazi ana haki ya kulihoji, hasa likiandikwa baada ya deni kuingia, ndiyo maana siku ya kuliandika ni siku ya kuanza biashara. Njia ya pili ni daftari. Mtoto aandike kila anachonunua na kuuza, kwa tarehe, na risiti zikae ndani ya daftari hilo. Ya tatu ni benki. NMB ina akaunti ya Chipukizi kwa vijana wa miaka 13 hadi 17, na CRDB ina Junior Jumbo kwa watoto. Mzazi au mlezi huhusika katika kuzifungua, lakini jina la mtoto linakuwepo, na taarifa ya benki inaonyesha pesa iliingia lini. Mbele ya wadai na mbele ya ndugu wa marehemu, karatasi hizi tatu zikisomwa pamoja zina nguvu kuliko machozi.

Cheti cha kuzaliwa ndicho msingi wa vyote hivyo. Hutolewa na RITA, wakala uleule unaobeba jukumu la udhamini, yaani kusimamia mali za wasioweza kuzisimamia wenyewe, wakiwemo watoto waliofiwa. Pale ambapo mirathi ina watoto na ndugu hawaaminiani, familia inaweza kuomba mali ya watoto ishikwe na msimamizi wa serikali hadi wakue. Familia chache hufikia hatua hiyo kabla ya kugombana, na ni hasara kubwa kwa watoto.

Upande mwingine wa suala hili haupaswi kufunikwa na sifa za ujasiriamali. Mtoto anayeitwa mfanyabiashara anaweza kuwa ni mtoto anayefanyishwa kazi.

Sheria ya Mtoto inampa haki ya kufanya kazi nyepesi kuanzia miaka 14. Kazi nyepesi imeelezwa: isiyoelekea kudhuru afya au makuzi yake, na isiyomzuia kwenda shule au kunufaika na masomo. Kazi ya usiku hairuhusiwi, na sheria inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Kisha inataja kazi za hatari ambazo hakuna aliye chini ya miaka 18 anayeruhusiwa kuzigusa: kwenda baharini, uchimbaji wa madini na kokoto, kubeba mizigo mizito, viwanda vyenye kemikali, sehemu zenye mitambo, baa, hoteli na kumbi za starehe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nayo inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Tanzania iliridhia mikataba ya kimataifa inayosimamia mambo haya, ule wa umri wa chini wa kuajiriwa mwaka 1998 na ule wa aina mbaya kabisa za utumikishwaji wa watoto mwaka 2001.

Ukiyaweka maneno hayo kwenye ramani ya Same, unaona mipaka waziwazi. Jasi inachimbwa Makanya. Kijana wa miaka 16 haruhusiwi kuingia machimboni hata kama anajiita mkandarasi wake mwenyewe. Tangawizi inashuka kutoka milimani katika magunia. Kumtwika mtoto gunia la lumbesa, yaani lililojazwa kupita kipimo, ambalo tayari limepigwa marufuku, ni kosa la pili juu ya la kwanza. Kupika na kuuza chakula mchana kando ya shule wakati wa likizo kunaweza kuwa kazi nyepesi. Kuzunguka baa na karanga saa 3 usiku si kazi nyepesi, na haijalishi karanga ni za nani.

Wapo watakaodai kwamba vifungu hivi vinamhusu mwajiri, na mtoto anayejiajiri hana mwajiri. Hoja hiyo haifiki mbali. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Mtoto kinakataza mtoto kuajiriwa au kushirikishwa katika shughuli yoyote inayoweza kudhuru afya yake, elimu yake au makuzi yake ya akili, mwili na maadili. Neno ni “shughuli yoyote”. Mzazi anayempa mwanawe karai la ndizi na kumwambia asirudi kabla hazijaisha, basi la mwisho likiwa bado halijapita, hajamwanzishia biashara. Amempeleka kazini, na amempeleka saa ambayo sheria imeikataza. Kipimo rahisi ni kuuliza pesa ya jioni ile inakaa kwa nani, na kesho asubuhi mtoto atakuwa wapi darasa likianza.

Kuhusu watoto kutumwa kubeba mirungi, inatosha kusema machache. Baadhi ya vijiji vya milima hii vimeshuhudia operesheni za Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya za kuteketeza mashamba yake. Kisheria ni dawa ya kulevya. Hakuna umri wala leseni inayoihalalisha, na mkubwa anayemtuma mtoto kuibeba anamtumbukiza katika jinai.

Kodi inawatisha wazazi kuliko inavyostahili. Upare una kumbukumbu ndefu ya jambo hili: Januari 1945 maelfu ya walipakodi walishuka milimani na kupiga kambi Same kupinga mbiru, kodi ya kukadiriwa iliyoanzishwa na utawala wa wakoloni, na mapambano yao yaliendelea hadi kodi hiyo ilipoondolewa. Msomi Isaria Kimambo aliyaandikia kitabu. Kodi ya leo ya mchuuzi mdogo ina kizingiti kinachojulikana. Mtu binafsi ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 4 hatozwi kodi ya makadirio ya mapato. Kiwango hichohicho ndicho kilichotumika Desemba 2018 wakati Rais John Magufuli alipotoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000. Banda la kuku la mwanafunzi mara nyingi liko chini ya kizingiti hicho. Tahadhari ni moja: likiwa kwa jina la mama ambaye tayari ana duka, mauzo ya mayai yanajumlishwa na ya duka, na jumla ndiyo inayotazamwa.

Nchi jirani zimechora mistari yao. Kenya, kupitia Sheria ya Kampuni ya 2015, inataka mkurugenzi wa kampuni awe ametimiza miaka 18. Uganda, katika Sheria yake ya Mikataba ya 2010, imeweka miaka 18 kuwa umri wa kawaida lakini ikaacha nafasi kwa mwenye miaka 16 na kuendelea, kwa kurejea kifungu cha katiba yao kinachohusu kinga ya watoto dhidi ya kazi za unyonyaji. Ni nafasi nyembamba, lakini inaonyesha kwamba ukuta wa miaka 18 unaweza kuwekewa dirisha.

Marekani inatoa mfano wa namna familia inavyoweza kuuzunguka ukuta huo vizuri. Mikaila Ulmer wa Austin, Texas, alianza kuuza juisi ya limau yenye asali akiwa na miaka 4, kwa mapishi ya bibi mzaa bibi yake. Mwaka 2015, akiwa bado mwanafunzi wa shule ya msingi, alifika katika kipindi cha televisheni cha wawekezaji na kupata dola 60,000, na kinywaji chake kikauzwa katika maduka ya Whole Foods. Pembeni yake kwenye kipindi hicho alisimama baba yake. Watu wazima walibeba yale ambayo mtoto hawezi kuyabeba kisheria, na bado dunia nzima ilijua kinywaji ni cha nani. Hilo la mwisho ndilo linalokosekana Same.

Na sheria zetu zenyewe hazijakubaliana kuhusu lini mtu ni mkubwa. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu iliona mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na mwanasheria Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019. Miaka mingi msichana wa miaka 16 aliweza kuwa mke wa mtu, akabeba nyumba na ujauzito, na hakuweza kusaini mkataba wa kupanga kibanda cha kuuzia vitumbua. Nchi iliyomwona amekomaa kwa ndoa ikamwona mtoto kwa biashara. Ni vigumu kumweleza binti huyo mantiki ya jambo hilo.

Mgongano mwingine umeingia darasani. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 umelifanya somo la Elimu ya Biashara kuwa la lazima kwa sekondari ya chini. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza, mwenye miaka 13 au 14, anafundishwa mtaji, faida, kumbukumbu za hesabu na wazo la biashara. Ni hatua nzuri sana. Lakini akitoka darasani na wazo lake, mlango wa kwanza rasmi utafunguka baada ya miaka minne au zaidi. Mwalimu wa somo hilo pale Same au Gonja atalazimika kumwambia ukweli: fanya, lakini kwa jina la mwingine.

Haifai kuushusha umri wa mikataba hadi miaka 14. Wakopeshaji wa kausha damu wangefika shuleni kabla ya kengele ya asubuhi. Ngao ya kifungu cha 11 ibaki ilivyo. Kinachohitajika ni kitu kidogo zaidi, na vyombo vya kukifanya vipo. Tangu mwaka 2020 sheria inazitaka kampuni kutaja BRELA wamiliki manufaa wao, yaani watu halisi wanaonufaika nyuma ya majina yaliyosajiliwa. Kama BRELA inaweza kuandika mmiliki manufaa wa kampuni kubwa, inaweza pia kuongeza sehemu moja katika fomu ya jina la biashara, mzazi akaandika: biashara hii naishikilia kwa ajili ya mwanangu, namba ya cheti chake cha kuzaliwa ni hii. Mzazi angeendelea kuwajibika kwa kodi na madeni ya biashara. Mtoto angekuwa na mahali pa kusimama siku ya mirathi, siku ya wadai, na siku anapotimiza miaka 18 na kutaka kuichukua.

Siku hiyo nayo ina taratibu zake, na wengi huipitisha hivihivi. Mkataba uliofungwa utotoni hauwi halali kwa sababu tu mhusika amekua. Ulikuwa batili na utabaki batili, kwa hiyo makubaliano ya fremu na ya wauzaji yanapaswa kuandikwa upya kwa jina lake. Akajisajili NIDA. Akachukue TIN, ambayo TRA haitoi kwa malipo. Mzazi aende naye BRELA kubadilisha umiliki wa jina la biashara, au alifunge lile la zamani na kijana asajili jipya. Leseni ya halmashauri ifuate, kisha laini ya simu na lipa namba.

Mbunge wa jimbo lolote la milima hii anaweza kuibeba hoja ya fomu ile ya BRELA bungeni, na halmashauri ya Same inaweza kuanza hata kabla ya Bunge, kwa kuandaa nakala ya tamko la mzazi katika ofisi za vijiji na kumfundisha mtendaji namna ya kulijaza. Wazazi hawana haja ya kuwasubiri wote hao. Kama leseni iliyoko ukutani ina jina lako na jasho ni la mwanao, chukua karatasi leo, andika ukweli huo, weka tarehe, ita mashahidi wawili, na mpe mwanao nakala yake aihifadhi.